Kuifuata Nafaka Hadi Mwitongo

Mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki hafungi begi kama watoto wengine. Nguo zake huingia mwisho. Kwanza huingia unga wake wa mchele, bisi, kashata za nazi, sufuria yake, mwiko wake na kisu chake. Ndivyo tulivyoondoka Mombasa, mimi na mwanangu wa miaka minane, kwenda Musoma alikoolewa mdogo wangu. Kutoka hapo tungefika Butiama kwa wakwe zake. Mwanangu alikuwa amesoma habari za Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, na hakuwa na ombi jingine la likizo ila kufika Mwitongo, huko Butiama, alikozikwa.

Wali, samaki na mchuzi wa nazi havikunitia wasiwasi. Chakula cha mchana hupatikana popote penye jiko na mtu mwenye subira. Wasiwasi wangu ulikuwa vitafunwa na vitamutamu. Basi likisimama, watoto hununua maandazi. Mgeni akifika nyumbani kwa watu, huwekewa chai na chapati. Kukiwa na sherehe, hukatwa keki. Hapo ndipo mtoto wa seliaki hukaa pembeni akiwatazama wenzake, na hilo humuuma kuliko njaa yenyewe. Nilitaka arudi nyumbani akiwa amekula vya ugenini, kwa raha, mbele ya watu.

Kwa asiyeujua, ugonjwa huu hauhusiani na ulaji wa anasa. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikifika tumboni, kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba na kuviharibu vinyweleo vinavyofyonza virutubisho. Chakula hupita bila kumjenga mtoto. Mwanangu alipokuwa mdogo tumbo lilimvimba, mikono ikakonda, damu ikapungua. Alipewa dawa za minyoo mara kwa mara, tukaambiwa ni utapiamlo, nasi tukazidi kumlisha uji wenye ngano ili apate nguvu. Baadaye daktari wa watoto aliagiza kipimo cha kingamwili katika damu, kisha kikachukuliwa kipande kidogo cha utumbo kikachunguzwa kwa hadubini. Jibu lilikuwa moja. Dawa ya kuumaliza ugonjwa haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Mzazi anayeshuku jambo hili kwa mwanawe asikimbilie kuiondoa ngano kabla ya kipimo, kwa kuwa mwili ukishapumzika kutokana na ngano, kipimo kinaweza kutoonyesha chochote ilhali ugonjwa upo.

Aliyeufungua ulimwengu macho ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku kwamba mkate ndio unaowadhuru wagonjwa wake. Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, vitani, Waholanzi walikosa mkate, wakafikia kula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenye seliaki wakapata nafuu katikati ya njaa ile. Ngano iliporudi, wakaugua tena. Dicke alieleza madhara ya ngano katika tasnifu yake ya mwaka 1950, na tangu hapo madaktari wakajua la kumwambia mzazi. Leo kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Ukilipima hilo kwa jicho la jikoni, utaona kwamba chembe ya mkate iliyobaki kwenye mwiko yatosha kuharibu sahani nzima.

Tulivuka mpaka wa Kenya na Tanzania asubuhi, kutoka Isebania kuingia Sirari. Upande wa pili wa ofisi za uhamiaji, wachuuzi walituzunguka na mabeseni: maandazi, chapati, keki ndogo, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Mwanangu alizitazama karanga. Zilikuwa za aina mbili katika beseni moja, za kukaanga kwa chumvi na zile wanazoziita karanga za mayai, zenye gamba tamu la rangi ya dhahabu.

"Mama, mchukulie mtoto hizi za mayai," kijana aliniambia. "Watoto wanazipenda sana."

"Zinatengenezwaje, kaka?"

"Unazizungusha kwenye mayai na sukari, halafu unga wa ngano, halafu mafuta."

Nilimweleza kuhusu mtoto. Hakuona usumbufu. Alizisukuma kando karanga zilizo wazi, akachimba chini ya beseni na kutoa vifuko vya karanga za chumvi ambavyo mama yake alivifunga nyumbani. "Hizi hazijagusana na zile," akasema. Mwanangu alikula hizo na ndizi za Tarime, ndogo na tamu, hadi gari likafika Kirumi, kwenye daraja la Mto Mara. Mto huu huanzia milima ya Mau kwetu Kenya, ukapita mbugani Maasai Mara na Serengeti, ukaja kuingia ziwani Nyanza karibu na Musoma. Nilimwonyesha maji, naye akasema kumbe yametoka nchi moja nasi na yamefika kabla yetu.

Mazungumzo ya Sirari yalinithibitishia kanuni niliyoishika kwa miaka. Ukimuuliza mtu wa kwetu, "Hii ina ngano?" atakutazama uso aone ungependa kusikia nini, na kwa ukarimu tu atakujibu haina. Hakudanganyi. Anakukaribisha. Lakini ukimuuliza, "Unaipikaje?" atakusimulia hatua kwa hatua, na ndani ya simulizi hiyo ngano itajitokeza yenyewe: kijiko cha kushikia, unga wa kupaka, mafuta yaliyokaanga maandazi alfajiri. Swali hilo lilitufikisha salama kuliko maandishi yoyote ya kwenye pakiti.

Mdogo wangu anakaa Mwisenge, si mbali na shule ya msingi ambako Mwalimu alianza masomo mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ametuandalia sato na ugali, na jikoni alikuwa ametenga sufuria na bakuli kwa ajili ya mwanangu. Kesho yake tulianza kutafuta vitafunwa mjini.

Madukani tulisoma pakiti. Biskuti zote zilianza na unga wa ngano. Vinywaji vya unga vya chokoleti vilikuwa na kimea cha shayiri, na mzazi anayeangalia neno ngano peke yake angevipita bila kushtuka. Chokoleti tupu zilifaa, zenye kaki ndani hazikufaa. Pipi ngumu za sukari na matunda zilifaa. Soseji zilikuwa na unga wa kuzishikilia. Tulitoka na pipi na bisi, na mwanangu akauliza kama ndivyo atakavyokula likizo nzima.

Sokoni mambo yalibadilika. Meza za wanawake zilijaa ulezi mwekundu, mtama mweupe na mwekundu, muhogo mkavu uliovundikwa, mahindi, mchele, ufuta, karanga, viazi vitamu na ubuyu. Vyote hivyo, vikiwa punje au mzizi, havina gluteni hata chembe. Ulezi umelimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa maelfu ya miaka. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini kwa njia ya Wareno, na ukawa nguzo ya nyumba nyingi kandokando ya ziwa kwa sababu hustahimili ukame. Nilisimama katikati ya soko lile nikijua kwamba mzazi wa Ulaya mwenye mtoto kama wangu hulipa fedha nyingi dukani kwa pakiti ndogo za unga wa mtama na muhogo. Hapa ulipimwa kwa kopo.

Mtego ulikuwa mahali pengine. Mama mmoja alinipa unga wa lishe, akausifia kwa afya ya watoto. Nilimuuliza anauchanganyaje. Akataja ulezi, mahindi, soya, karanga, mchele na ngano. Unga wa namna hiyo unapewa watoto wadogo nchi nzima kwa nia njema kabisa, na kwa walio wengi unafaa. Kwa mtoto mmoja asiyejulikana ana seliaki, ndio unaomdhoofisha kila asubuhi. Nilinunua ulezi mtupu, nikaenda mashineni. Kijana wa mashine alikuwa mkweli: anasaga mahindi, muhogo, mtama, na ngano ya wale wanaotengeneza unga wa lishe, na mashine haioshwi katikati. Tulirudi nyumbani na ulezi wetu ukiwa punje.

Hapo niliielewa safari yetu vizuri. Nafaka ya mkoa huu wa Mara ni salama shambani. Hatari huipata njiani: kwenye mashine, kwenye kopo la kupimia, kwenye ungo, kwenye karai la mafuta. Aliye na mtoto wa seliaki lazima aifuate nafaka kutoka punje hadi mdomoni.

Jirani wa mdogo wangu huuza askrimu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule. Mwanangu alikuwa akiwaona watoto wakizinyonya kila saa nne. Tulimtembelea, tukamwamkia, nikamuuliza anazipikaje.

"Nachemsha ubuyu na sukari, natia rangi kidogo, halafu nakoroga unga wa ngano uwe mzito," alisema. "Bila unga, dada, inakuwa barafu tupu, meno yanauma."

Nilimuomba ajaribu wanga wa muhogo. Tulikuna mihogo mibichi, tukaikamua kwa maji kwenye kitambaa safi, tukayaacha maji yatulie, tukamwaga ya juu, wanga mweupe ukabaki chini. Alipika sufuria ndogo kwa wanga ule. Mchanganyiko ulikuwa mlaini na unaong'aa. Siku iliyofuata mwanangu alisimama langoni na wenzake, akinyonya askrimu ya ubuyu ileile waliyonyonya wao, kwa kuwa jirani aliamua watoto wote wapewe ya muhogo. Alisema muhogo ni wa shamba lake na ngano hununua, kwa hiyo faida ilikuwa yake pia.

Jirani huyohuyo alikuwa na binti anayetimiza miaka saba. Katika sherehe za Tanzania keki hailiwi kimyakimya. Mwenye siku yake huwalisha wazazi, ndugu na marafiki, mmoja mmoja, kwa kijiti au kwa mkono, watu wakishangilia. Mtoto asiyelishwa keki amewekwa nje ya mzunguko. Mdogo wangu na mimi tulizaliwa Mombasa, na kwetu mkate wa kumimina hupikwa kwa mchele. Tukamwomba jirani ruhusa ya kupika keki ya siku ile.

Tulichagua mchele, tukauloweka usiku kucha, tukautwanga kwenye kinu tulichokisugua kwa maji ya moto, tukachekecha kwa chekeche jipya. Nazi huku ni ya kusafirishwa, na maziwa ni mengi, basi tukakoroga unga kwa maziwa ya ng'ombe, iliki na hamira, tukauacha uumuke. Sukari ikaingia, na ute wa mayai uliopigwa hadi ukawa povu. Sufuria ikapakwa samli, ikawekwa juu ya moto mdogo, na juu ya kifuniko tukapanga makaa. Mkate ulitoka umeinuka, wa dhahabu juu, na vitundu vidogovidogo ndani. Juu yake tulipanga vipande vya embe. Ilipofika zamu ya mwanangu, binti yule alimlisha kipande, naye akamlisha yeye. Watu walipiga makofi kama walivyompigia kila mtoto. Wageni wengi hawakujua kwamba keki ile haikuwa na ngano, na hilo ndilo nililolitaka: asiwepo mtu wa kumwonea huruma.

Kutoka Musoma tulirudi barabarani hadi Makutano, ndipo gari likashika njia ya Butiama. Huko ni nchi ya Wazanaki, vilima vyenye majabali makubwa yaliyopandana, mashamba ya muhogo na mtama katikati. Mama mkwe wa mdogo wangu alitupokea uani.

"Shikamoo, bibi," mwanangu alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye huyu asiyekula ngano?" Alimshika kichwa. "Sasa anasumbuka nini huyu? Sisi wenyewe tumeanza kula ngano lini?"

Alitusimulia kwamba utotoni mwake mkate ulikuwa kitu cha Krismasi, ukinunuliwa na mwenye mshahara. Asubuhi walikunywa uji wa ulezi au mtama, wakala viazi vilivyobaki usiku. Mtu akisafiri alifungiwa karanga na muhogo wa kuchoma. Chapati na maandazi viliingia baadaye pamoja na duka, na vikawa alama ya nyumba iliyojaliwa. Alisema leo mgeni akiwekewa viazi vitamu mezani, mwenye nyumba huona aibu.

Nilijiandaa kumweleza kuhusu vyombo, kwamba sufuria iliyoshwa juujuu haitoshi na mwiko wa mbao haufai kabisa ikiwa umewahi kusongea unga wa ngano. Bibi alinikatiza kwa upole. "Ni kama kibuyu cha maziwa," alisema. "Hakitiwi kitu kingine." Kwa watu waliofuga ng'ombe vizazi na vizazi, chombo cha maziwa kina heshima yake, na mtoto hufundishwa mapema kutokichanganya. Nimeshawaeleza wapishi wa hoteli kubwa jambo hili kwa maneno mengi bila kueleweka. Bibi alilielewa kabla sijafungua kinywa.

Alikuwa na jiwe la kusagia. Alilisugua kwa brashi na majivu, akalimwagia maji ya moto, akalianika juani. Tulichagua ulezi wetu wa Musoma punje kwa punje kwenye sinia, kwa maana hata kwenye gunia punje ya ngano huweza kuingia. Kisha akapiga magoti akasaga, na mwanangu akasaga baada yake, taratibu, unga mwekundu ukidondoka kwenye ngozi safi. Uji wa ulezi ule, wenye maziwa na sukari, aliunywa vikombe viwili.

Muhogo mkavu ulitwangwa kwenye kinu. Bibi aliponda ndizi mbivu zilizoanza kuwa nyeusi ganda, akazikanda na unga wa muhogo hadi donge likashikamana, akalisukuma na kulikata vipande vya mviringo kwa mdomo wa kikombe. Tulivikaanga kwa mafuta mapya kwenye sufuria ya mwanangu. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, vitafunwa vya aina hii huuzwa kila stendi, na huko huitwa kabalagala. Havitiwi sukari, ndizi yenyewe inatosha. Nje vilikauka, ndani vilibaki laini, na vilikaa siku ya pili bila kuharibika. Tulifunga kifurushi cha kwenda nacho Mwitongo, pamoja na kashata za ufuta na karanga tulizozipika wenyewe kwa sukari iliyoyeyushwa, tukazimwaga juu ya sinia iliyopakwa mafuta.

Mwitongo ni kilima kilichojaa miti na mawe. Pimbi hukaa juu ya majabali wakiota jua. Hapo kuna nyumba za familia, makaburi ya wazazi wa Mwalimu, Mtemi Nyerere Burito na Mama Mgaya, na kaburi la Mwalimu mwenyewe ndani ya jengo lake. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake. Baada ya kuacha urais mwaka 1985, alirudi kulima hapahapa kijijini. Mwanangu alisoma kila kibao, akasimama kaburini muda mrefu.

Mimi nilikuwa nikifikiria chakula. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliiumiza sana Tanzania, na serikali ya Mwalimu iliwahimiza wakulima wapande mtama na muhogo, mazao yasiyotishwa na mvua haba. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu zaidi ya milioni moja walikaa katika vikundi vijijini wakisikiliza redio na kujadili lishe: wale nini, wapande nini, mtoto apewe nini. Kampeni ile haikuwalenga watoto wa seliaki, ugonjwa ambao wakati huo wachache mno walikuwa wameusikia huku kwetu. Lakini ilimweka mkulima na mama jikoni katikati ya mazungumzo ya afya ya taifa, ikauheshimu mtama na muhogo kama chakula cha watu wazima na watoto. Kwa mzazi kama mimi, heshima hiyo ndiyo inayokosekana leo. Mtama ungeheshimiwa, ungekuwa na mashine yake, pakiti yake na nafasi yake kwenye meza ya chai.

Tulipotoka nje kula, tuliwakuta wanafunzi waliokuja na walimu wao kwa ziara. Walikuwa na maandazi na juisi. Msichana mmoja alimnyoshea mwanangu andazi. Nilisogea, kisha nikajizuia.

"Asante," mwanangu alisema. "Mimi ngano inaniumiza tumbo. Lakini hivi vyangu mnaweza kula, bibi amevipika."

Akafungua kifurushi. Vile vya ndizi na muhogo viliisha haraka. Mvulana mmoja alisema kwao pia vinapikwa, lakini yeye hajawahi kuvileta shuleni. Mwalimu wao aliniuliza mtoto aligunduliwaje, na dalili zilikuwa zipi, kwa sababu darasani kwake yuko mtoto mwenye tumbo lililovimba asiyeongezeka uzito. Nilimweleza niliyoyajua: kwamba dalili hizo zina sababu nyingi, kwamba kipimo cha damu kipo katika hospitali kubwa, na kwamba mtoto asiachishwe ngano kabla ya kupimwa. Aliyaandika yote.

Tulirudi kwa njia ya Bunda, kwa kuwa tulikuwa na ndugu wa kuwaona Mwanza. Baada ya Kiabakari barabara inanyooka, na katika stendi ya Bunda kelele za wachuuzi ni zilezile za Sirari. Safari hii mwanangu ndiye aliyeuliza. Alimwamkia mama mwenye ungo, akamuuliza, "Mama, hivi mnavitengenezaje?" Yule mama akamweleza kuhusu michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, vinavyochemshwa kwanza kisha vikakatwa na kukaushwa juani. Ni vitafunwa vya Wasukuma, majirani wa kusini. Havina kitu kingine ndani yake ila kiazi na jua. Matobolwa yalikuwa matamu na ya kutafuna, na mtoto akipewa hana haja ya pipi. Tulinunua hayo na machungwa ya Ukerewe, na sikufungua akiba yoyote niliyotoka nayo Mombasa.

Mzazi mwenzangu atakayesafiri na mtoto wa seliaki Kanda ya Ziwa, nakushauri hivi. Beba sufuria, mwiko na chekeche lako. Nunua nafaka ikiwa punje, uichague, uitwange au uisage kwenye chombo ulichokisafisha mwenyewe. Chipsi, mihogo na samaki wa kukaanga omba vipikwe kwa mafuta mapya, au chukua vya kuchoma. Vitumbua ulizia kama mchele umeongezwa ngano ya kushikia. Tegemea vyenye ganda lake: ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha, karanga mbichi, mahindi ya kuchoma. Andika kadi ya maneno machache, ukiwapa wapishi waisome wenyewe: mtoto huyu ni mgonjwa wa ngano na shayiri, hata kidogo kinamdhuru, hata kilichopikwa chombo kimoja navyo. Na uliza kinapikwaje.

Kwa wenye viwanda vidogo vya Mara nina ombi. Nguvu za kazi hii mnazo tayari. Ulezi mnao, muhogo mnao, karanga, ufuta, ndizi na viazi mnavyo, na wanawake wanaojua kuvipika wako hai. Kinachokosekana ni mashine moja ya kusaga isiyoguswa na ngano, meza moja ya kupakia, na karatasi inayotaja kila kilichomo. Kashata na matobolwa ya namna hiyo yatanunuliwa na watalii wanaokwenda Serengeti, na hospitali, na familia za mijini ambazo leo huagiza biskuti kutoka nje kwa bei ya kutisha. Juu ya yote, yatanunuliwa na mzazi wa Butiama au Bunda ambaye mtoto wake bado hajapimwa na ambaye anadhani ana minyoo.

Serikali na mashirika ya viwango wanaweza kudai kwamba unga wa lishe utaje ngano kwa herufi kubwa. Shule zinaweza kumruhusu mtoto alete kiazi chake bila kuchekwa. Nasi kwenye nyumba zetu tunaweza kumwekea mgeni viazi vitamu, muhogo na uji wa ulezi mezani bila kuona haya. Mwanangu alikula Mara kama mtoto yeyote wa Mara, na hakikuhitajika chochote kutoka ng'ambo. Kilichohitajika ni watu waliokubali kuulizwa, wakajibu kwa ukweli, wakaosha chombo. Hilo linawezekana kila kijiji, na watoto wanaolihitaji ni wengi kuliko wanaojulikana.